Mwogeleaji wa Bwawa la Pangoni

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja, fundi wa kuandika vibao, na yeye si mtu wa porojo. Kabla ya msimu wa joto alitumwa kwenye bwawa la asili lililo mdomoni mwa pango, aandike upya kibao cha kuwaonya waogeleaji kuhusu kina. Mchana ule hapakuwa na mtu. Alipomaliza kazi aliketi juu ya jiwe, ukingoni, akafungua chakula chake. Tangu mkewe afariki, alikuwa amechoka kula akitazamana na ukuta.

Ndipo akasikia mtu akiogelea kule ndani, kwenye giza la pango. Chubwi, chubwi, polepole. Moyo wake ukachangamka.

"Karibu chakula, ndugu yangu!" akaita.

"Nakuja," sauti ikajibu.

Fundi akasogea kumpisha, akaukata mkate vipande viwili. Mlio wa mikono ikipiga maji ukakaribia, ukatoka gizani hadi kwenye mwanga. Fundi akakodoa macho. Mlio ulikuwa mbele yake kabisa, lakini maji yalikuwa yametulia tuli, bila hata kiwimbi kimoja.

Alitaka kukimbia, lakini kabla hajainuka mlio ukafika ukingoni. Akasikia mtu akijivuta juu ya jiwe na kuketi kando yake, akihema kwa uchovu. Matone yakawa yanadondoka, to, to, to. Fundi akanyoosha mkono, akapapasa pale yalipodondokea. Jiwe lilikuwa kavu, bado lina moto wa jua.