Mkono wa Mama Nilioufunga

Mama yangu, Bi Sikudhani, alikuwa msusi wa ukili, ule wa kushonea mikeka. Kwetu Chole, Kisarawe, hakuna aliyemfikia. Aliongea, akacheka, akanisema mimi Rahma kwa uvivu wangu, na vidole vyake vikaendelea kusuka miyaa ya mkindu. Wala hakuvitazama.

Asubuhi moja ukili ulimponyoka. Nikamwokotea. Ukaanguka tena. Nilipomwangalia usoni, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alitaka kusema neno, lisieleweke.

"Upepo mbaya huo," alisema kaka yangu Hamza. "Hospitali hawauwezi."

Tukamfukiza. Tukamkanda. Siku mbili nzima, jamani! Siku ya tatu ndipo tukampeleka hospitali, Kibaha. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa juu sana. Sisi hatukuwahi kuipima.

"Mngekuja saa ile ile," alisema. Akatuandikia dawa ya presha.

Mama akarudi nyumbani, mkono wa kulia umelegea. Tulielekezwa mazoezi ya kumfanyisha. Mimi nikaona ni kumtesa mgonjwa. Nikaufunga mkono kwa kitambaa, hirizi aliyoileta Hamza ndani yake, kisha nikaufunika kwa khanga watu wasiuone. Kula kwa mkono wa kushoto mama alikataa, aliona aibu. Basi nikamlisha. Nikamwosha, nikamvisha, nikamchana nywele. Majirani wakanisifu: "Rahma kapata radhi za mama yake." Kichwa kikanivimba. Kumbe mama alikuwa akitafuna huku machozi yanamtoka.

Mwezi wa nne tangu augue alikuja Jenifa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa anawafuata wagonjwa walioacha kwenda kliniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama aliitikia kwa shida.

Jenifa alifungua kitambaa. Vidole vilikuwa vimejikunja, kiganja kinanuka.

"Nani kaufunga?"

"Mimi."

"Dada, ugonjwa haukuanzia mkononi. Kilichoumia ni ubongo." Akamgusa mama kichwani, upande wa kushoto. "Amri za mkono wa kulia zinatoka huku. Mgongo mzima umepewa sehemu ndogo tu. Mkono umepewa kubwa, maana kazi yake ngumu. Gumba libane, cha shahada kinyooke, hiki kitulie. Kila msuli unaambiwa lini uvute na lini uachie. Damu ilipokosekana, baadhi ya sehemu hiyo ilikufa."

"Ikishakufa, si basi tena?"

"Iliyokufa hairudi. Lakini sehemu za jirani zilizo hai zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake. Zinajifunza mkono unapofanya kazi, tena na tena. Sasa wewe umeufunga. Zijifunze nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Utapona wote?" niliuliza.

"Sikudanganyi. Miezi ya mwanzo ndiyo bora, na mmeshaipoteza. Tutafute hata vidole viwili."

Tukaanza. Kukamua kitambaa. Kuokota punje za mahindi, moja moja. Dawa ya presha kila siku, bila kuruka. Mama alichoka, akamwaga punje, akanitukana. Nikaziokota, nikamwekea tena. Roho iliniuma, lakini sikumfanyia.

Nawe unayesoma, nisikilize. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, usifukize. Usingoje kesho. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Miezi saba imepita tangu tuanze. Gumba limerudi, na kidole cha shahada. Vitatu vimebaki vimejikunja. Ukili hasuki tena. Miyaa yake yote amemgawia jirani, na siku ile hakula.

Ijumaa iliyopita niliandaa ugali na kisamvu. Kwa mazoea nikafinyanga tonge, nikampelekea mdomoni. Mama akafumba mdomo.

"Toa mkono wako," alisema.

Akabana ugali kwa vidole viwili. Ukaanguka kwenye mkeka, mkeka aliousuka mwenyewe. Akabana tena, ukaanguka. Mkono wangu ulitaka kwenda, nikaukalia. Mara ya tatu ugali ulifika mdomoni.

Nililia kama mtoto. Mama alitafuna polepole, akameza, akanitazama.

"Unalia nini? Sogeza mboga."