Wifi Yangu na Mbegu ya Achari ya Mama

Nilimvuta wifi yangu kilemba mbele ya wateja, saa nne asubuhi, na sikujuta.

Msinihukumu bado. Someni kwanza.

Nina duka dogo la vyakula vya kwetu. Sisi ni wahamiaji. Mtaa wetu karibu wote ni watu waliokuja na mabegi mawili na karatasi za kuombea kibali. Kibao changu kiliandikwa ACHARI YA MAMA, MBEGU ILIYOVUKA MPAKA. Miaka saba nilisimama nyuma ya kaunta ile mpaka visigino vikapasuka.

Mbegu ni nini? Ni maji ya achari ya zamani. Mama akitengeneza achari mpya ya pilipili, anabakiza kikombe kimoja cha maji ya ile iliyopita na kukimimina humo. Ndicho kinachochachusha.

Mbegu ya kwanza Mama aliivusha mpakani ndani ya chupa ya maziwa ya mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Mimi nilinyonyea nini njia nzima, sijaambiwa mpaka leo.

Sasa asubuhi hiyo nafungua duka, naona meza ng'ambo ya barabara. Juu yake chupa za kioo, kila moja imefungwa kitambaa mdomoni kama zetu. Na bango... ACHARI YA MAMA.

Nyuma ya meza amesimama wifi yangu. Mke wa kaka. Mwenyeji wa nchi hii, mtu ambaye hajawahi kupanga foleni ya kibali hata dakika moja!

Nikavuka barabara na aproni yangu.

"Mama yupi huyo?"

"Mama mkwe."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mwenyewe."

"Muongo. Umemchukua kaka yangu, hukutosheka?"

"Wifi, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wamwone mwizi alivyo."

Hapo ndipo kilemba kilipobaki mkononi mwangu.

Nilitaka alie. Hakulia. Alikichukua, akakifunga upya taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Achari yako siku hizi inakwaruza koo. Watu wanaogopa kukuambia."

Nikamgeukia fundi cherehani wa jirani, mteja wangu tangu siku ya kwanza. Akainama ghafla kutafuta sindano.

Saa tisa mchana mimi na wifi tulikuwa jikoni kwa Mama. Macho yake yameingia ukungu, anaona vivuli tu, lakini kisu bado anakitumia vizuri kuliko mimi. Nilimwaga yote. Nilimwita wifi kila jina ninalolijua, kwa lugha yetu, nikijua haelewi nusu. Mama akaniacha nimalize.

"Kila mmoja aniletee kikombe cha mbegu yake," akasema.

Tukaleta. Akakata pilipili mbichi mwenyewe, akazigawa kwenye chupa mbili zenye maji ya chumvi, akamimina mbegu yangu huku na ya wifi kule. Akafunga vitambaa kwa mkono wake. Chekundu changu, cha bluu cha wifi.

"Siku tatu. Itakayotoa povu, mwenyewe abaki na jina langu. Mwingine ashushe kibao."

"Sawa," nikasema, kifua mbele.

Wapendwa, hapa kuna kitu nimewaficha.

Mnaikumbuka ile picha niliyoposti mwaka juzi? Chupa ya Mama inang'aa dirishani, mkalaiki mpaka simu ikawa moto? Ile chupa ilikuwa na utando mweupe pembeni, haivutii kwenye picha. Nikaiosha. Sabuni, maji ya moto na brashi. Mbegu yote ikaenda na sinki.

Mlikuwa mnalaiki maiti.

Tangu siku hiyo nilikuwa nauza pilipili na siki ya dukani, na kile kikombe nilichompelekea Mama kilikuwa siki tupu. Nilikubali shindano kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri, na mimi kukiri mbele ya yule mwanamke, bora ningekula kile kibao.

Siku ya tatu niliwahi kufika. Mama alikuwa bafuni, wifi bado. Chupa ya kitambaa cha bluu ilikuwa inachemka yenyewe, povu limepanda hadi mdomoni. Yangu imetulia kama maji ya kuogea yaliyosahaulika.

Nikafungua vitambaa vyote viwili, nikavibadilisha. Chekundu juu ya povu. Nikanawa mikono, nikakaa, nikakunja nne.

Wifi akaingia na kaka yangu. Akaziangalia chupa, kisha akaniangalia mimi. Alielewa pale pale, nililiona jicho lake. Na hakusema neno. Afadhali angenitukana.

"Nyekundu ndiyo yenye povu, Mama," kaka akasema.

"Basi shusha bango lako leo leo," nikamwambia wifi. "Na ukitaka kufundishwa kazi, omba kwa adabu."

Mama akazivuta chupa karibu. Hakunusa. Hakuonja. Alipitisha vidole kwenye mafundo, moja, halafu jingine.

"Nani kafunga haya?"

Nikajifanya napangusa meza.

"Mimi nafunga mara mbili, ncha nachomeka ndani. Hata wifi yako anafunga hivyo, nilimfundisha. Haya ni mafundo ya kamba za viatu. Humu ndani anayefunga hivi ni mmoja tu, na viatu vyake nilimfungia mimi mpaka darasa la tatu."

Kaka akatazama dari.

"Mbegu yako ilikufa lini?" Mama akauliza.

"Nani kasema imekufa?"

"Ulimi wangu. Kilichoharibika ni macho."

Nikasema. Picha, sabuni, brashi, siki. Nilisema kwa lugha yetu ili wifi asielewe, Mama akanikatiza. "Sema kwa lugha anayoielewa." Nikarudia yote tangu mwanzo, uso umenivimba kwa hasira na aibu.

"Mwaka na nusu nimekula siki yako nikisubiri uje uniambie," Mama akasema. "Ungekuja siku ile ile, tungechota kwa wifi yako. Nilimpa kikombe siku alipoolewa, na hajawahi kukiacha kife."

"Sasa kwa nini aweke meza mbele ya duka langu? Mtaa wote umeisha?"

"Nilimtuma mimi. Yeye alikataa mara mbili. Nikamwambia nenda kaiweke pale pale mbele yake, labda ataona aibu azungumze. Wewe ukamvua kilemba."



Kibao nilikishusha mwenyewe. Fundi cherehani alinishikia ngazi, na safari hii hakutafuta sindano. Siku hizi nauza unga na maharage, na wateja wa achari nawaonyesha ng'ambo kwa kidole. Kila kidole kinaponyooka, kinauma.

Ninachowaambia ni hiki. Ukiharibu kitu ulichoachiwa na wazazi wako, kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kumtafuta mwizi. Mimi nilimtafuta mpaka nikamkuta, na alikuwa amevaa aproni yangu.

Jana wifi aliingia dukani. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Akaweka juu ya kaunta kikombe kilichofungwa kitambaa, ncha zimechomekwa ndani. Niliona povu dogo pembeni.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Usiioshe."