Gurudumu la Kushoto

Kiroboto alikuwa mtoto asiyetulia. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, maana hata chakula alikula amesimama. Lakini asubuhi hiyo hata mama yake, fundi wa nguo, mtulivu kama maji ya mtungini, alikuwa anazunguka chumba kizima. Cherehani yake ilikuwa imekufa juzi, na sare kumi na mbili za shule zilitakiwa Jumatatu. Zikichelewa, wenyewe wangezipeleka kwa fundi mwingine, na mteja akishahama, kumrudisha ni kazi.

"Nimeipata," alisema shangazi, macho kwenye simu. "Cherehani ya mtumba, safi, nusu bei. Muuzaji anasema watu watatu wanaigombea. Tukituma hela sasa, jioni inafika."

"Tuione kwanza," mama alisema.

"Wifi, chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," aliongeza jirani, muuza vifungo, aliyekuja kusalimia tu na sasa yuko kwenye kikombe cha pili cha chai.

Simu ya shangazi ikalia. Ujumbe mwingine: *Dada, mwenzako yuko njiani kulipa. Nakushikia dakika kumi tu.*

Mama akatoa simu yake, akaanza kubonyeza namba ya muuzaji ili atume hela. Kiroboto akajipenyeza katikati ya viwiko vyao, akaitazama ile picha. Alikuwa amelelewa chini ya cherehani, akiokota vifungo na sindano. Kuna kitu kilimkera, kama uzi ulioingia kwenye kola.

"Mama, gurudumu liko kushoto."

"Wewe, hebu kaa chini," shangazi alisema.

"Mama analizungusha kwa mkono wa kulia. Hii picha imegeuzwa."

Kidole cha mama kikasimama. Akaketi mbele ya cherehani yake mbovu, akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama, ukatua juu ya gurudumu. Kisha akaiangalia picha tena, taratibu.

"Miaka kumi na tano ninashona," alisema. "Ya hivi sijapata kuiona. Picha hii ameitoa kwa mtu mwingine, akaigeuza isitambulike."

"Mwambieni apige nyingine," Kiroboto alisema, "aweke kitambaa chekundu chini ya sindano, tujue kweli anayo. Na mwambieni tunakuja kuiona."

Shangazi akaandika. Jibu likaja upesi: *Mnanipotezea muda. Tumeni au acheni.* Alipotaka kujibu, tangazo lilikuwa limeshafutwa. Shangazi akaanza kupekua mkoba wake bure, asimtazame mtu.

Muuza vifungo akaweka kikombe chini. "Na mimi nimekaa hapa nakunywa chai! Dada yangu ana cherehani, ameifunika shuka tangu macho yalipoanza kumsumbua."

Wakaenda kwa huyo dada, wote wanne. Mama akaifungua, akaitia mafuta, akashonea kitambaa alichokuja nacho. Mshono uliponyooka, ndipo hela ikatoka.

Jioni, sare ya kwanza ikiwa tayari, mama alisema, "Anayekuharakisha ulipe kabla hujaona, hataki uone. Kitu cha mtumba kione kwa macho yako, uende na mtu mzima, ukijaribu, ndipo ulipe. Leo mimi mtu mzima nilisahau, mtoto akanikumbusha."

"Na mimi nikamwambia akae chini," shangazi alisema. "Haya mwanangu, leo simama utakavyo."

Lakini mama alikuwa amemsogezea kiti. Kiroboto akakaa kitako, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mkono wake wa kulia juu ya gurudumu.