Chafya Ndani ya Mashine

Kila asubuhi ya likizo, Waithira alifukuza ndege katika shamba la mpunga la nyanya yake, aliyemwita Cucu, huko Mwea. Alipiga mkebe na kelele mpaka sauti ikamkauka. Jumanne ile mkebe ulipumzika, kwa sababu alimsindikiza Cucu hospitalini Nyeri. Cucu alikuwa ameumwa na kichwa kwa miezi miwili, na picha ya kwanza ilionyesha uvimbe mdogo kwenye ubongo.

Daktari Wamae aliwapokea vizuri. "Mashine itapima kemikali za ubongoni na kuzichora kama milima," alisema. "Kisha kompyuta italinganisha milima hiyo na ya wagonjwa wengine, itusaidie kujua kama uvimbe ni saratani. Lakini kichwa kisitingishike hata kidogo."

Walipokuwa wakingoja kwenye benchi, Cucu alitazama kulia na kushoto, akatoa kikopo cha ugoro, akavuta kwa matundu yote mawili ya pua.

"Cucu! Si ulisema mbele ya kanisa kwamba umeacha?"

"Nimeacha, wajina. Hii ni ya kuagana tu," alijibu Cucu, ambaye mjukuu huyu alipewa jina lake. "Nishikie kikopo, chuma hakiingii huko. Na usiambie mtu."

Mashine iliunguruma kama kinu cha mpunga. Kupitia kioo, Waithira aliona miguu ya Cucu ikiruka mara tano. Ugoro ulikuwa ukifanya kazi yake. Fundi wa mashine alikuwa ameinamia kompyuta, hakuona kitu, na chafya hazikusikika.

Baadaye Daktari Wamae alikunja uso. "Milima imevurugika kidogo, na kompyuta inaelekea kusema ni saratani. Huenda tukafungua fuvu, tutoe kipande cha uvimbe tukipime. Nyanya, ulitingishika?"

"Ati mimi? Nililala kama gogo, daktari."

Waithira alikibana kikopo mfukoni. Hakutaka kumwaibisha Cucu wake, lakini aliogopa zaidi hilo la kufungua fuvu.

"Daktari, alipiga chafya mara tano," alisema, akaweka kikopo mezani. "Alikuwa amevuta ugoro."

Cucu aliinamisha kichwa kwa aibu. Waithira akaanza kulia.

Daktari hakumkaripia mtu. Cucu alinawa pua, akapumzika, kisha akapimwa upya. Safari hii milima ilisimama wazi, na kompyuta haikuona dalili ya saratani.

"Inaelekea ni maambukizi," alisema daktari. "Tutaanza na dawa, kisha tupime tena. Kompyuta hii ni hodari wa hesabu, lakini haiwezi kuona chafya. Inaamini inachopewa."

"Nisamehe, Cucu," Waithira alinong'ona.

Cucu alichukua kikopo, akakitupa kwenye pipa la taka.

"Nikusamehe nini? Ungenitii, wangenipasua kichwa bure. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linaloweza kumdhuru, usimtii, wajina. Hata kama ni mimi."