Mpindo wa Kushoto

Enyi mlio kwenye ndoa, nanyi mnaoinyemelea, sogeeni karibu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyasikia kupitia mlango.

Dada yangu ni mshonaji. Mumewe ni fundi wa kutengeneza cherehani; mtaani tulimwita Bwana Mimi, naye akadhani tunamsifu. Walifanya kazi chumba kimoja, yeye na bisibisi zake dirishani, dada na cherehani yake upande wa pili, redio katikati. Ukipita asubuhi ungesikia vicheko.

Siku moja sindano ikapenya kidole cha dada. Alipopona akaanza kutafuta kinga ya vidole. Akapinda waya, ukaziba mshono usionekane. Akajaribu plastiki, ikanasa uzi. Alihangaika miezi, mpaka akapata kibati chembamba kilichopinda kushoto, kinachoinuka pamoja na kile kiguu kinachobana kitambaa. Bwana Mimi akakichonga kwa chuma safi, kikakaa sawasawa. Kisha akaenda peke yake kuomba hataza, ile haki ya kisheria inayowazuia wengine kuiga uvumbuzi wako. Akaandika jina moja tu, lake.

"Na mimi je?" dada akauliza.

"Wewe umetoa wazo tu. Hilo nani hajui? Liko wazi!"

Mdomo uliponza kichwa, ndugu zangu. Mkaguzi wa hataza alimjibu karibu kwa maneno yaleyale: kinga zilikuwepo, viguu vilikuwepo, na kuviunganisha ni jambo la wazi kwa fundi yeyote. Ombi limekataliwa.

Shemeji akakata rufaa, na raha ikahama nyumba ile. Hakulala. Wateja aliwafokea, chakula alikisogeza kando. Kiwanda kimoja kilikuwa tayari kumlipa kwa kinga ile, lakini hataza ikikosekana, kila mtu angeiiga bure.

Siku ya rufaa mimi na dada tulimsindikiza. Akatuonyesha benchi la ukumbini. "Ninyi kaeni hapa. Humo ndani ni mambo ya kitaalamu."

Tukakaa. Mikono ya dada ilikuwa baridi, nikaishika. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, tukasikia kila neno.

"Kwa nini kibati kimepinda kushoto?" aliuliza mwanamke aliyeongoza jopo.

Dada akaninong'oneza, "Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Ndio unaochomwa. Aseme hivyo tu, jamani."

"Ni... ni urembo tu, mheshimiwa," shemeji akajibu.

Yule mwanamke akaendelea.

"Basi tuambie. Kuna mtu aliyehangaika na jambo hili kabla yako, akajaribu akashindwa? Kama yupo, tungependa kumsikia. Jambo la wazi halimtesi mtu miezi."

Dada akasimama. Akanyoosha gauni lake, mkono ukafika kwenye kitasa. Nami nikaomba moyoni: mwite, shemeji, mwite!

"Hakuna," Bwana Mimi akasema. "Ni mimi peke yangu. Nililiona papo hapo."

Dada akaachia kitasa, akarudi kuketi.

Rufaa ikatupwa. Shemeji akatoka akitiririka jasho. "Wamenionea!"

Dada akamwinulia kile kidole chenye kovu. "Nilikuwa hapa mlangoni, mume wangu. Ungeniita tu."

Leo kinga zile zinauzwa kila duka, zote zimepinda kushoto, na kati ya dada na shemeji hakuna anayepata chochote. Dada amepanga chumba chake, anashona huko. Redio aliondoka nayo. Bwana Mimi bado yuko dirishani na bisibisi zake, na ukipita asubuhi husikii kitu.

FUNZO

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayemfuta mwenzake ili sifa ibaki yake, siku ya shida atakuta amemfuta shahidi wake. Usiidharau kazi ya aliye nyumbani mwako kwa kusema "hilo liko wazi", maana na wewe utapimwa kwa neno hilohilo. Na kama kuna mtu umemwacha kwenye benchi, nenda ukamfungulie sasa, kabla hajaachia kitasa.