Aliyemsemea Zege

Mshonaji alikuwa wa tano kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, na shida yake ilikuwa ndogo: mpira wa koki ya jikoni. Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro, wakati ambao nusu ya mafundi wa mji hugundua kuwa wamesahau kitu. Ngazi ya alumini ilikuwa imelazwa katikati ya njia na kila aliyeingia aliiruka. Muuzaji alipima misumari huku simu ameibana kwa bega.

Mwanamume aliyekuwa mbele kabisa alisema anataka kilo mbili za inchi nne, na asipewe iliyopinda kama ya juzi. Kabla ya kutamka "juzi" alikohoa kidogo.

Mshonaji aliinua kichwa. Kikohozi hicho alikuwa akikisikia kila Jumatano kwa miaka tisa.

Siku za Jumatano alifunga cherehani mapema na kwenda studio kuisemea mashine ya kuchimba iitwayo Kijiko, katika katuni ya watoto ya mashine za ujenzi. Katuni hiyo ilichorwa nchi nyingine na kutiwa sauti hapa, na ilikuwa katika mwaka wake wa kumi na nne. Kijiko alikuwa mpole na mwenye maswali mengi. Lori la kuchanganyia zege, ambalo lilijiita Zege, lilikuwa la makelele na halikubali kosa. Kila kipindi kilikuwa cha dakika kumi na moja, na ndani ya dakika hizo walijenga daraja, zizi au maktaba, wakamaliza.

Studio ilikuwa na maikrofoni moja, kwa hiyo kila msemaji aliingia peke yake. Zege alirekodi Jumamosi asubuhi. Kijiko alifuata Jumatano, akavaa hedifoni, akamsikia Zege akimuuliza jambo, akamjibu. Zege mwenyewe hakuwahi kumsikia Kijiko. Aliongea na karatasi, na kipindi kilipokuwa kikirushwa, saa kumi na nusu alasiri, yeye alikuwa kazini.

"Mzee Zege," mshonaji alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya Kijiko na maneno yake ya kila kipindi, "punguza mwendo, barabara si ya baba yako."

Watu waligeuka. Mwanamume naye aligeuka, taratibu, kama mtu aliyezoea kuitwa kwa ajili ya matatizo. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, shati la buluu lililopauka mabegani, buti zenye vumbi la saruji hadi kwenye kamba. Alimwona mwanamke mwembamba mwenye gauni la kahawia na kola nyeupe, na kwenye kola hiyo sindano tatu alizosahau kuzichomoa.

"Nilidhani Kijiko ni mtoto," alisema.

"Na mimi nilidhani Zege ni mnene."

Muuzaji aliwauliza kama wamekuja kununua misumari au kuchumbiana, maana foleni ni ndefu.

Mwanamume huyo alikuwa msimamizi wa ujenzi. Studio ilimpata kwa bahati: watu wake walikuja saiti kurekodi ngurumo za mashine, wakamsikia akimfokea mtu wa ghorofa ya tatu kutoka chini, wakaona ngurumo nzuri kuliko zote ni hiyo. Yeye na mshonaji wote walikuwa na ndoa zilizokwisha, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kusimulia yake. Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Msimamizi alikuja kwake jioni akinuka chokaa na jasho, akakaa juu ya furushi la sare za shule, na kabla chai haijapoa alikuwa amelala. Mshonaji aliiacha cherehani, akashona kwa mkono ili asimwamshe. Hakumwambia kwamba kwa ajili hiyo alichelewesha oda.

Mwezi wa nane wa urafiki wao, sauti yake ilianza kukatika. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti na akataja sababu zake kwa mpangilio: vumbi la saruji, kufoka saa tisa kwa siku, kisha kufoka tena Jumamosi kwa niaba ya lori. Aliamuru wiki tano za kimya kamili. Baada ya hapo, alisema, huenda kazi mbili hizo zisiwezekane kwa koo moja.

Msimamizi hakuogopa kimya. Alichoogopa ni kumpoteza Zege. Saiti ilimlisha yeye na mama yake, lakini kwa miaka tisa studio ndiyo mahali pekee ambapo alisema jambo na likaenda kama alivyosema.

Kazini alitumia filimbi na ubao mdogo wa chaki. Kwa mshonaji walibuni utaratibu wa simu: yeye aongee, msimamizi agonge kwa kucha, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.

"Umekula, mpenzi?"

Mara moja.

"Umenikumbuka?"

Mara mbili.

"Haya. Nakata simu, nina suruali za watu hapa."

Ikaja mvua ya kugonga, moja, moja, moja, mpaka mshonaji akacheka na uzi ukamponyoka mdomoni.

Jumatano ya kwanza ya kimya hicho, mwongozaji wa studio alimvuta mshonaji kando. Zege ndiye aliyetangulia kurekodi, na wote waliobaki walipima mwendo wao kwake. Bila yeye hakuna aliyejua aingie wapi. Alimwomba asome maneno ya Zege kwa muda, sauti ya kushikilia nafasi tu, na msimamizi akipona itafutwa. La sivyo angemwita yule mtangazaji wa redio aliyepita kila wiki kuulizia nafasi. Mshonaji alikubali papo hapo. Hakumwambia msimamizi. Alihesabu kwamba mgonjwa hahitaji wasiwasi juu ya kitu kitakachofutwa.

Hesabu ilikuwa sahihi isipokuwa kwa jambo moja. Wiki ya nne kituo cha televisheni kilitaka vipindi mapema, na studio ikapeleka ilivyokuwa navyo.

Mama yake msimamizi alikuwa na miaka sabini na miwili na hakukosa kipindi hata kimoja cha katuni ile ya watoto. Alisogeza kiti hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo cha televisheni, akamsikiliza mwanawe. Jumatatu hiyo msimamizi alirudi mapema kutoka kwa daktari na kumkuta mahali pake.

"Mwanangu," mama alisema bila kugeuka, "njoo usikie. Wamekufanya mwanamke."

Alisimama mlangoni na kofia ngumu mkononi. Lori lilikuwa likifoka kwenye kioo, nene kidogo, lenye haraka ile ile, na ndani ya kufoka huko alimtambua mtu aliyemshonea vifungo vya shati alilolivaa. Alibaki hapo hadi daraja lilipokamilika. Kisha akaingia chumbani.

Mshonaji naye hakujua kwamba kipindi kimerushwa mpaka fundi wa sauti alipompigia kumpongeza. Alimpigia msimamizi mara hiyo hiyo. Simu ilipokelewa. Alieleza, akauliza, akasubiri kugongwa. Hakikusikika kitu. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu alipokea mama.

"Yupo hapa ananitazama," mama alisema. "Mkwe, bubu akinuna nyumba nzima inakuwa kaburi. Ameniandikia kwenye bahasha kwamba umemchukulia lori lake."

"Na wewe, mama, unaamini?"

"Mimi naamini masikio yangu. Umemwiga mpaka kikohozi chake. Mwizi hachukui kikohozi." Akashusha pumzi. "Lakini mimi siye wa kuelezwa. Mfuate huko huko kazini, maana hapa atajifungia chooni."

Alikwenda Ijumaa, saa ya mapumziko ya mchana, akiwa na gauni la kijani ambalo hakuwa amewahi kulivaa kwa sababu hakukuwa na pa kulivalia. Jengo lilikuwa na ghorofa nne zilizomwagwa na mbili za nondo tupu. Lilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Ngazi hazikuwa na ukuta wa kushika. Alipanda akiwa amekunja gauni kwa mkono mmoja, na mafundi waliokuwa wakila walisogeza miguu apite. Msimamizi alikuwa ghorofa ya nne, ameketi juu ya rundo la tofali. Alipomwona alitoa simu, akaitega ihesabu dakika, akaiweka kwenye tofali kati yao.

"Nina dakika tano kwa siku," alisema. "Daktari ameniruhusu tangu Jumatatu. Moja nimeshaitumia kwa watu wa nondo."

Sauti yake ilikuwa chini kuliko ile aliyoijua, na ngumu, kama mchanga kwenye chekeche.

"Zitumie unavyotaka," mshonaji alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Niliombwa nikakubali. Walisema itafutwa."

"Mimi sikuombwa."

"Hapana. Nilifanya kosa. Nilidhani nakupumzisha, kumbe nakuficha. Lakini ningekataa, yule mtangazaji angekuwa kwenye kiti chako siku hiyo hiyo, na yeye hafutiki."

Msimamizi alitazama nondo. Alisema kwamba hapa kila aliyepanda ngazi zile alipanda na tatizo, na hata yeye mshonaji amepanda nalo. Kule, daraja lilisimama kwa dakika kumi na moja. Hakuwa na kitu kingine cha namna hiyo.

"Wamenipa mkataba wa Zege," mshonaji alisema. "Sijasaini. Ukisema nikatae, nakataa leo."

"Hii sauti unayoisikia ndiyo itakayobaki. Haitapanda tena. Zege anafoka."

"Sijakuuliza habari ya Zege. Nakuuliza wewe."

"Saini."

"Unasema kwa hasira?"

"Hasira inamaliza dakika." Alifuta paji la uso kwa mkono wa shati na kuacha mstari wa vumbi. "Nasema kwa sababu ni kweli. Ukikataa wewe, Zege atachukuliwa na mtu asiyenijua. Mama atazima televisheni."

Chini mtu aliita kuulizia saruji.  Mshonaji aliketi kwenye tofali, gauni na vumbi lake.

"Nikisaini utakuwa unanisikia kila siku," alisema, "na kila siku utakumbuka. Sitaki kupata lori nikakukosa wewe."

Msimamizi alitazama simu. "Zimebaki sekunde arobaini."

"Zipumzishe. Tutaongea kesho."

"Hapana. Nyumbani kuna chumba cha tatu. Kina mifuko ya saruji na mbao za zamani, basi. Cherehani yako inaingia. Nimepima mlango."

Mshonaji alimgeukia. "Ulipima lini?"

"Kabla ya Jumatatu."

"Na baada ya Jumatatu?"

"Mlango haukubadilika."

Simu ikalia. Aliizima, akafunga mdomo, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu anayesubiri lori la mzigo lililochelewa. Hakuwa na neno lingine mpaka kesho, na wote wawili walilijua hilo.

Mshonaji aliangalia mikono yake, kisha ya mwanamume. Alikuwa na sare thelathini na mbili za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa.

"Saruji itoke kwanza," alisema. "Vumbi linaharibu mashine, na koo lako limeona vya kutosha. Nitakuja Jumapili na ufagio. Mama mwambie asinipikie, nitapika mimi, yeye atoe maagizo."

Msimamizi alitikisa kichwa kukubali. Mapumziko yalikuwa yamebakiza robo saa. Alisogea kwenye rundo la tofali, akaegemea bega la gauni la kijani, na kabla mshonaji hajamaliza kueleza ni mifuko gani itolewe kwanza, alikuwa amelala.