Alinisalimu Mimi

Jumamosi ya tarehe saba Juni ndiyo iliyowaharibia. Kabla ya hapo walikuwa watu wa kucheka tu.

Mara ya kwanza walikutana kwenye korido ya mafundi wa nguo, chini ya jengo la maduka, pale watu wanapopitana kwa mabega na kila cherehani inalia kivyake. Mwanamume alikuwa na mfuko wa karatasi mkononi. Katika kusukumwa huku na huku akamkanyaga fundi mmoja, mwanamke wa gauni la njano aliyebana pini mdomoni.

"Mmh!" alisema fundi.

"Samahani dada. Nimekuumiza?"

Fundi akazitoa pini mdomoni. "Hujaniumiza, umeniua. Hilo buti la nani, la tembo?"

"La jeshi. Mimi nimestaafu, buti limegoma."

"Na humo kwenye mfuko?"

"Bukta ya mazoezi. Imechanika."

Fundi akaichomoa na kuikunjua mbele za watu. "Hee! Imechanika huku nyuma? Baba, ulikuwa unapigana au unakaa vibaya?"

Korido nzima ikacheka. Mwanamume naye akacheka, tena kwa sauti, na hapo fundi akanasa.

Mwanamume huyo alikuwa sajini mwenye nishani ya ushujaa. Baada ya jeshi aliingia mapigano ya kizimbani, ule mchezo ambao ngumi, mateke na mieleka vyote ni ruksa. Asubuhi akienda mazoezini alipitia dukani kwa Fundi. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuitikia salamu, kwa hiyo Sajini aligonga meza mara mbili kwa kiganja, naye Fundi akajibu kwa kugonga mkasi mara mbili. Basi. Wengine huandikiana mashairi.

Sasa njoo kwa wakubwa. Promota aliiona ile nishani akaona tangazo. Akambandika Sajini jina la "Hasalimu Amri", akajaza picha zake ukutani, akamlazimisha aingie kizimbani na nishani shingoni. Kiti cha mbele akamkalisha mkuu wa zamani wa kikosi cha Sajini, miwani myeusi usoni, maji baridi pembeni. Watu wa aina hiyo hukaa mbele siku zote, isipokuwa siku ya kufa.

Jumamosi hiyo, raundi ya pili, mpinzani alimpanda Sajini mgongoni na kumtia kabali. Wakaanguka pamoja. Uso wa Sajini ulielekea kwenye wavu, na nyuma ya wavu alikaa Fundi, ndani ya gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Mkono wa Sajini ukainuka. Ukagonga sakafu mara mbili.

Katika mchezo ule, ukigonga umejisalimisha. Refa akawatenganisha.

"Hasalimu Amri kasalimu amri!" ukumbi ulizomea. Mkuu akainuka na kuondoka bila kugeuka.

Fundi hakuvumilia. Alimpokonya mtangazaji kipaza sauti.

"Nyamazeni! Hakusalimu amri. Alinisalimu mimi! Ndivyo anavyonisalimu kila siku!"

Vicheko vikaja kama mvua kwenye bati.

Jumatatu video ilikuwa kwenye kila simu. Wateja waliingia dukani, wakagonga meza mara mbili, wakatoka wakishikilia mbavu bila kuacha hata kifungo cha kushonwa. Fundi aliwatukana akaendelea kushona, maana aliamini alichosema. Kilichomuuma ni kwamba Sajini hapokei simu. Mwanamume mwenye mtu wa kumpigia, halafu akaiacha simu ilie, hajui anachezea nini. Atakuja kujua akishabaki na simu isiyolia.

Jumatano simu ikapokelewa na dada yake Sajini.

"Wifi, yupo. Amejifungia chumba cha nyuma, hata pazia hataki lifunguliwe."

"Mpe."

Fundi akasikia mtu anapumua.

"Laazizi?"

"Nipo."

"Unanionea aibu, eh? Kwa sababu nilipayuka."

"Siwezi kukuonea aibu wewe."

"Mbona unajificha kama mwizi wa kuku? Mwenzio nachekwa huku!"

"Promota ameita waandishi Ijumaa. Anataka niseme kama ulivyosema wewe. Eti watu wanapenda mapenzi, pambano la marudiano litajaza."

"Si useme! Kwani si ndiyo kweli?"

Simu ikakatika.

Fundi alifunga duka mchana ule ule. Dada mtu alimfungulia mlango, akamwonyesha chumba kwa kidevu. Sajini alikuwa kitandani kati ya nguo za familia zilizosubiri pasi, fulana yake imegeuzwa ndani nje, shingo bado ina alama.

"Sema," alisema Fundi.

"Haikuwa salamu." Sajini alitazama vidole vyake vya miguu. "Pumzi iliisha. Sikukuona. Hata angekaa pale mama yangu nisingemwona. Niliogopa kufa, nikagonga."

Fundi alikaa juu ya rundo la nguo. Uso ulimwaka moto.

"Kwa hiyo nimesimama mbele ya ukumbi mzima, na gauni langu jipya, nikajitangazia salamu isiyo yangu."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nachekwa."

"Nilitamani iwe kweli."

"Nimetukana wateja kwa ajili yako! Mama mwenye jengo nimemwambia hajawahi kupendwa tangu azaliwe!"

Siku nyingine wangecheka mpaka walie.

"Na si mara ya kwanza," Sajini alisema. "Ile nishani niliipatia vitani, kwenye daraja tulilokuwa tunalilinda. Wanasema nilikataa kusalimu amri. Uongo. Tulimwita Mkuu kwenye redio mpaka sauti zikakauka, tunaomba ruhusa turudi nyuma. Hakupokea. Tukainua kitambaa cheupe, risasi zikaja vile vile. Wenzangu wakaisha. Adui alipoondoka mwenyewe, askari wetu wakaja wakanikuta nimesimama peke yangu, wakaniita shujaa. Kule hakukuwa na refa, mpenzi."

Fundi alinyoosha mkono amguse shingoni, akaurudisha.

"Nakupenda," alisema. "Lakini sasa hivi siwezi kukutazama."

Akatoka bila kumuaga wifi yake.

Ijumaa waandishi walijaa kwenye ukumbi wa hoteli. Promota alivaa suti ya kung'aa. Mkuu naye alirudi kukaa meza kuu, maana mambo yalikuwa yameanza kunukia vizuri. Kiti cha Fundi kilikuwa kitupu.

"Sajini," aliuliza mwandishi, "ulisalimu amri, au ulimsalimu mchumba wako?"

Promota alimkanyaga Sajini mguu chini ya meza.

"Nilisalimu amri," alisema Sajini. "Yeye hakudanganya. Mimi ndiye niliyenyamaza nikamwacha achekwe."

Kicheko kikaanzia nyuma, kisha mtu akaonyesha mlangoni. Fundi alikuwa amesimama pale na nguo za kazini, uzi umemganda begani, mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi. Kamera zote zikamgeukia.

"Dada, amekudhalilisha! Unasemaje?"

Alipita katikati ya viti akitazama sakafu. Alipofika mezani aliweka mkono kwenye bega la Sajini. Aibu ilikuwa bado usoni pake, haijaenda popote.

"Alivyosema ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Nilikosea. Mnicheke. Na bado atanioa, kama anataka."

"Nataka," Sajini alisema.

"Haya, vizuri sana!" Promota alipiga makofi peke yake. "Tunafunga hapo, ndugu waandishi!"

"Bado," alisema Fundi. Akainua uso kwa mara ya kwanza, akamgeukia yule mwenye miwani myeusi.

"Samahani, Mkuu. Siku ile ya darajani, watoto wa watu walipokuwa wanakuita kwenye redio, wewe ulikuwa wapi?"